Siku Kumi na Tisa za Kujibu Moja

Baba ni fundi cherehani. Cherehani yake ni ya kukanyaga, kwa hiyo nyumba nzima tunakula kwa mguu wake wa kulia. Na mguu huohuo ndio ulioota kidonda.

Baba ana kisukari. Kidonda kilianza chini ya kidole gumba, kadogo tu, kama tundu la kifungo. Zahanati wakakisafisha, wakakifunga. Wakaandika namba yangu ya simu, maana ya baba kioo kimepasuka. Kuanzia hapo kila asubuhi saa moja meseji inaingia. Kujibu bure.

"Habari za asubuhi. Kidonda kikoje leo? Jibu 1 kama kinapona. Jibu 2 kama kiko vilevile. Jibu 3 kama kimevimba, kinanuka, kinatoa usaha, au umeona kingine."

Mimi shule nimemaliza, kazi sina. Basi kujibu kukawa ndiyo kazi yangu.

"Baba, wanauliza."

"Waambie salama."

"Salama haipo. Kuna moja, mbili, tatu."

"Basi moja."

"Ila jana soksi ilikuwa imelowa, baba."

"We mtoto! Binti wa watu pale zahanati anakujulia hali asubuhi yote hii, umwanzie na habari za usaha? Ndivyo tulivyokulea?"

Mama akadakia kutoka jikoni, "Mwandikie baba yako moja, yaishe!"

Nikabonyeza moja. Kesho yake moja. Wiki ya pili hata sikuuliza tena. Nilikuwa nabonyeza nikiwa kitandani, jicho moja bado limefumba.

Huku baba akaanza kukanyaga kwa kisigino. Mishono ikaenda kombo. Mama akawa anafungua dirisha hata mvua ikinyesha. Hakuna aliyesema kwa nini.

Siku ya kumi na tisa akaja Mama Daftari, sketi mkononi, anataka ipanuliwe. Huyu ni jirani yetu, mhudumu wa afya wa mtaa. Zamani alipita nyumba kwa nyumba na daftari. Siku hizi anatumia simu, ila jina limeganda. Alisimama mlangoni, akanusa mara moja.

"Fundi, vua kiatu."

"Jirani, si tupime kiuno kwanza?"

"Kiuno changu hakiendi popote. Vua!"

Baba akavua. Sitaki kueleza sana. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na cha pili kinakifuata.

"Lakini hakiumi," baba akasema.

"Huo ndio ubaya wa kisukari. Mguu unakufa ganzi. Unaoza huku wewe unashona, huna habari." Akatoa simu yake, akatazama orodha. "Hapa umeandikwa unapona. Siku kumi na tisa! Nani alikuwa anajibu?"

Nikamwonyesha simu yangu.

"Sikiliza, mwanangu. Muuguzi yuko mmoja, wagonjwa mia mbili. Hawezi kumfikia kila mtu. Mtu akijibu tatu, jina lake linapanda juu, linakuwa jekundu, anapigiwa simu siku hiyohiyo. Asiyejibu siku mbili, mimi natumwa kwake. Ungekaa kimya tu, mwanangu, ningekuja wiki ya kwanza."

Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo.

"Mimi nilikuwa naitikia salamu," baba akasema polepole.

"Ile siyo salamu, fundi. Pale ni sawa na muuguzi kakaa mbele yako anakufungua bandeji. Ukimjibu kwa adabu tu, umemziba macho."

Hospitali walikata vidole vyote viwili. Baba alilazwa wiki tatu. Cherehani tukaifunika shuka. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao mmoja mmoja, kila mtu na pole yake. Mama hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Baba aliporudi, tukabadilisha utaratibu. Sasa nanawa mikono kwa sabuni kwanza. Nafungua bandeji, natazama kidonda. Kisha natazama na mguu wa pili, juu, chini, katikati ya vidole. Baba naye anashika kioo ajionee unyayo wake. Mama anasimama pembeni, tusidanganyane. Hapo ndipo nabonyeza namba.

Mwezi uliopita nikaona lengelenge chini ya mguu wa kushoto. Dogo sana.

"Baba, kuna kitu huku."

Akageuza kioo, akatazama.

"Andika tatu," akasema. "Usichelewe."

Haikufika saa tatu, simu ikalia. Alikuwa muuguzi mwenyewe. "Mzee, mguu huo usiukanyage. Njoo sasa hivi." Wakalisafisha, wakampa dawa, wakamkataza kile kiatu chake kigumu. Baada ya wiki mbili ngozi ilikuwa imefunga. Hakuna kilichokatwa.

Baba anashona tena, ila nusu siku tu. Mguu wa kulia hauna nguvu, kwa hiyo anakanyaga kwa wa kushoto. Nguo ya siku moja sasa inachukua siku tatu. Kila akimaliza kushona anavua soksi, anaweka mguu juu ya kiti, ananiita. Naenda, nachuchumaa.

"Vipi?" ananiuliza.

Sisemi kitu mpaka nimemaliza kutazama.