Abiria wa Vioo Vyeusi

Jua likizama tu, teksi ya Joha ilinukia asumini, na yeye asumini hajawahi kujipaka maishani mwake. Mchana lilikuwa gari tu, lenye vioo vya karatasi nyeusi tii alizobandikiwa na mdogo wake Uwesu ili dada "aonekane mtu wa maana". Haya, mtu wa maana usiku haoni kitu! Akitazama dirisha la pembeni, barabara ya Nzuguni haipo. Upo uso wake, na nyuma ya bega lake upo mwingine.

Uwesu, mtoto wa Kondoa, akasema huyo jini, atulizwe. Basi kila Alhamisi jioni wakamfukizia ubani humo garini, vioo wamevifunga. Harufu ya asumini ikazidi.

Usiku mmoja, akikata kona ya mtaani kwao, alinong'onezwa sikioni: "Kata tu. Hakuna mtu."

Joha akatazama pembeni akaona weusi mtupu, na mguu wake ukazidi kukandamiza mafuta kana kwamba si wake, na asumini ikamkaba koo, na ule uso wa nyuma ukasogea, ukasogea, hata shavu la baridi likagusa shavu lake, likicheka, mpaka ndoo ilipogonga bodi kwa kishindo ndipo akakanyaga breki.

Jirani yake, mama Debora, alikuwa amekaa chini, amelowa chapachapa. Mungu alimnusuru, hakuumia.

"Mwanangu, hukuniona?"

"Sikukuona, mama. Nisamehe."

Hasira ikaipiku hofu ya Joha. Akaleta wembe na maji ya sabuni palepale.

"Dada, usimuudhi," alinong'ona Uwesu, aliyetoka nyumbani aliposikia kishindo. "Atakuhamia wewe."

"Ahamie! Tumemjengea nyumba, tukamfukizia na ubani, halafu aniulie jirani?"

Akabandua. Kila karatasi ilitoka ikiguna kama mgonjwa.

Kesho yake usiku aliona kila kitu: baiskeli zisizo na taa, mbuzi waliochelewa, mama Debora na ndoo yake. Akasimama ampishe. Asumini ikanukia.

Mama Debora akachungulia kiti cha nyuma, akarudi kinyumenyume. "Joha, nani huyo umembeba?"

Joha akageuka. Alikuwapo, amejikunyata, taa za barabarani zikimmulika, amejiziba uso kwa viganja.

"Shuka au kaa, shauri yako," Joha akamwambia. "Ila ukikaa, Dodoma nzima itakuona."

Akaweka gia, akaelekea stendi, kwenye watu wengi.