Jina la Mtumiaji

Kibodi ilikuwa mpya. Fundi Japhet aliitoa kwenye nailoni Jumatatu asubuhi, Rabia akishuhudia kwa macho yake. Alhamisi herufi A ilikuwa imefutika. Ikafuata I, kisha N. Rabia aliinyanyua akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaitazama tena, maana herufi hizo tatu ndizo zilizokuwa zimelika kwenye kibodi ya zamani, ile ya marehemu mumewe Abdalah, aliyekuwa akichapa kwa vidole viwili tu vya shahada, kwa nguvu, kama mtu anayebangua karanga. Akajiambia kwamba vitu vya siku hizi ni feki. Akairudisha mezani, akaendelea kutafuta mahali pa kuprinti.

Kutafuta ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa tangu windo mpya, ile programu inayoendesha kompyuta, ipigwe. Kitufe cha kuanzia, kilichokaa kona ya kushoto miaka nenda miaka rudi, kilikuwa kimehamia katikati. Mafaili yalijiweka yanakotaka yenyewe. Kila alipobonyeza kitu, kompyuta ilimuuliza swali, na wateja wakasimama kumtazama mama mtu mzima akipapasa kama aliyeingizwa nyumba ya watu gizani. Aliichukia windo ile. Ila ile ya zamani aliichukia zaidi, na hakuona aibu kusema hivyo.

Abdalah alikuwa mtu wa Tanga. Alifika Kasulu kijana, na kompyuta yake kwenye boksi, akafungua steshenari karibu na stendi wakati mji mzima ulikuwa bado unagonga taipureta. Akapata jina upesi. Walimu na madaktari waliopangiwa kazi huku kwetu, wakachoshwa na baridi na matope, walikwenda kwake kuandikiwa barua za kuomba uhamisho, na walihama. Watu walisema barua ya Abdalah hairudi. Kompyuta yenyewe aliibadilisha mara tatu, lakini windo ilikuwa ileile. Kila fundi aliambiwa aihamishe kama ilivyo, asiguse kitu. Na kila Ijumaa mchana alijifungia dukani peke yake na chetezo cha ubani. Rabia alidhani anafukiza kwa ajili ya wateja.

Hata alipokuwa anakata roho, mwaka jana, alimshika mkewe mkono akamwambia asije akaibadilisha ile windo. Rabia akamuuliza kwa nini. Abdalah akageukia ukutani, na hakusema tena. Mtu anaacha mke, anaacha binti mmoja tu, na neno lake la mwisho ni la kompyuta. Rabia alilimeza neno hilo, likamkaa kooni mwaka mzima kama mwiba wa samaki.

Basi radi ya Novemba ilipopiga na mashine ikazima moja kwa moja, alisikia nafuu. Japhet aliifungua, akainusa, akasema ajabu hii, inanuka ubani, hainuki waya. Diski ilikuwa imekufa. Akaweka nyingine, akapiga windo mpya, na ilipofika mahali pa kuandika jina la mtumiaji akauliza aweke la nani.

"Weka Zuhra," Rabia alisema. "Vyote humu vilikuwa vya baba yake. Sasa viwe vya mtoto."

Zuhra alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Kibondo na alitakiwa kuripoti baada ya wiki mbili. Kwa siku zilizobaki alikaa dukani kumsaidia mama yake, na yeye hiyo windo mpya haikumsumbua hata kidogo. Alichapa kwa vidole vyote kumi, huku akipiga soga na wateja.

Jumanne ya pili alikuja mwalimu William, mtu wa Mbeya, kuandikiwa ombi la uhamisho. Rabia alikuwa anapanga karatasi aliposikia ta, ta, ta-ta, ta. Alizijua sauti zile. Aligeuka akamwona binti yake amekaa wima, macho yameelekea mlangoni, vidole viwili vikipanda na kushuka juu ya kibodi asiyoitazama. Mwalimu William alipopewa barua aliisoma akatabasamu, akasema hapa katikati pamechanganywa na barua ya mwingine. Palikuwa pameandikwa: "Nimetolewa kwangu bila hodi. Nani amenitoa?"

Zuhra alisoma, akasema hakuandika hivyo. Ncha za vidole vyake viwili zilikuwa nyekundu.

Ijumaa Rabia alifunga duka saa sita mchana, akatia kufuli kubwa, akaenda kuswali. Alimwacha Zuhra nyumbani akichambua maharage. Aliporudi kuchukua miwani aliyoisahau, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, mashine ya kusaga imenyamaza, jua la saa saba limesimama juu ya mabati na barabara haina mtu, na ndani ya duka, nyuma ya kufuli ambalo ufunguo wake ulikuwa mkononi mwake, kulikuwa na mtu anachapa. Rabia akasimama. Harufu ya ubani ikamjia kwa chini ya mlango, ubani uliochanganyika na kitu kilichoungua, akajikuta anaingiza ufunguo, anazungusha, anasukuma, na mwanga wa nje ukaingia mpaka mezani ukamkuta Zuhra amekaa kwenye kiti cha baba yake, mbele ya kioo cheusi kisicho na umeme, anachapa kwa vidole viwili vinavyovuja damu, kanga yake bado ina maganda ya maharage.

"Umepitia wapi, mwanangu?" Rabia aliuliza kwa sauti ndogo.

Zuhra aliendelea kuchapa. Alikuwa anatafuta kitu kwenye kile kioo, anakunja uso, kama mama yake alivyokunja uso tangu Jumatatu ile.

Kesho yake alasiri, umeme umesharudi, akaletwa dukani Bi Tunu, mganga wa majini, mwanamke wa Ujiji mfupi asiye na makeke. Hakuuliza mengi. Alimkalisha Zuhra chini, akafukiza, akamnyunyizia marashi, akamfunika shuka jeupe, akasoma kwa muda mrefu. Kisha akauliza aliyepanda ni nani na anataka nini. Alimwuliza kistaarabu, kama anavyoulizwa mgeni.

Sauti iliyotoka chini ya shuka ilikuwa ya Zuhra, lakini lafudhi ilikuwa ya pwani, na Zuhra pwani hajawahi kufika.

"Nataka kwangu," ilisema taratibu. "Nilikaa mle tangu huyu hajazaliwa. Kila chumba nilikijua. Mmenivunjia nyumba, mkanitia kwenye nyingine, hata mlango wa uani siujui uko wapi. Nikatafuta jina la mwenyewe. Nikakuta la huyu."

Bi Tunu akaeleza kwamba nyumba ya zamani imeungua, hairudi. Sauti ikajibu kwamba inajua. Ndiyo maana imekaa hapa.

Rabia hakuweza kunyamaza. Aliuliza mumewe alimpa nini.

"Alinipa Ijumaa zake na vidole viwili. Abdalah hakujua kuchapa, Rabia. Mwandishi nilikuwa mimi. Hata ile barua ya posa aliyokuletea kwenu Muyama, uliyoikunja ukaificha kwenye sanduku la kanga, niliandika mimi."

Katika yote aliyoyasikia siku ile, hilo ndilo lililomchoma Rabia mpaka ndani. Kwa barua ile aligombana na baba yake. Kwa barua ile aliondoka Muyama akaolewa na mtu asiyejulikana ukoo. Aliisoma akiwa na mimba, aliisoma siku ya arobaini ya mumewe, na bado aliijua kwa moyo. Alitaka kulia, akakuta machozi hayapo, kuna hasira tu, na wa kumkasirikia yuko kaburini.

"Mwache mtoto," alisema. "Chukua jina langu."

Bi Tunu akamgeukia upesi, akamnong'oneza kwamba akishaandika, yeye Bi Tunu hataweza kumtoa jini huyo tena, afikiri. Rabia akasema ameshafikiri.

"Andika, basi," ilisema sauti. "Kabla ya magharibi."

Hapo ndipo Rabia alipogundua kwamba hajui pa kuandikia. Katika windo ya zamani angalau alimwona Abdalah akipita huku na huku. Katika hii hajui kitu. Alibonyeza katikati, kikafunguka kitu. Akakifunga. Akabonyeza pembeni, zikatokea picha. Nyuma yake Zuhra alianza kukoroma, na vidole vyake viwili vikawa vinagonga sakafu ya saruji, ta, ta, ta-ta, na kila akigonga saruji ikabaki na doa. Rabia akampigia Japhet.

"Mwidiwe, mama," Japhet alisema.

Rabia hakuitikia salamu. Alimwomba amwelekeze pa kubadilisha jina la mtumiaji, sasa hivi, asiulize. Japhet akamwelekeza kidogo kidogo. Nenda kwenye mipangilio. Mama, umeona? Sijaona. Shuka chini. Hapo palipoandikwa akaunti. Rabia akausukuma mshale ukawa unaruka ruka kiooni, akaupoteza, akaupata, akabonyeza pasipotakiwa, akarudi nyuma, jua likawa linaondoka mlangoni, saruji ikawa inagongwa polepole zaidi kama mtu anayeishiwa nguvu, ndipo kikafunguka kisanduku cheupe chenye jina la mwanawe. Akalifuta. Akaandika RABIA, kwa vidole viwili, maana hata yeye hakujua njia nyingine.

Nyuma yake kugonga kukakoma. Zuhra akajifunua shuka, akaomba maji.

Jumatatu alimsindikiza stendi na begi la nguo na godoro lililokunjwa. Zuhra alikuwa na plasta kwenye vidole viwili na hakukumbuka kitu. Akamkumbatia mama yake, akamwambia asikae dukani peke yake siku nzima, atazeeka upesi. Rabia akacheka. Basi likaondoka kuelekea Kibondo, na yeye akarudi dukani, akawasha ubani.

Mwezi ukapita. Barua za Rabia zikaacha kurudi. Mwalimu William alihamishiwa kwao Mbeya, akaja kuaga na mkungu wa ndizi. Ijumaa mchana Rabia alijifungia, akampa mgeni wake vidole, na alipotoka alikuwa baridi mpaka kwenye mifupa. Usingizi ulimkimbia, chakula hakikuwa na ladha. Hakulalamika. Alijiambia kila siku kwamba mtoto yuko huru, na kwa neno hilo aliweza kuamka.

Windo mpya nayo akaanza kuizoea. Alijua sasa pa kuprinti, alijua pa kuhifadhi. Alasiri moja, akihifadhi barua ya mteja, akatazama vizuri kule juu yanakoandikwa makazi ya faili, folda ndani ya folda. Ile iliyobeba zote iliitwa Zuhra.

Alimpigia Japhet, akamweleza kwa utulivu alichokiona.

"Hiyo ndivyo ilivyo, mama," Japhet alisema. "Lile ulilobadilisha ni jina la nje, la kuonekana tu. La ndani linabaki lile la kwanza kuandikwa. Halikuharibii kazi."

"Nikitaka kulitoa?"

"Mpaka tufute vyote, tupige windo upya."

Rabia akakata simu. Kufuta vyote ndiyo kumvunjia yule nyumba mara ya pili, na mara hii hakujua ataingia wapi. Alikuwa ametoa jina lake bure. Alimlaani Abdalah kwa sauti, mara ya kwanza tangu azikwe, kisha akampigia binti yake.

Zuhra alipokea kwa furaha. Alisema chuo ni kizuri, chakula kibaya, na wakufunzi wanamsifu kwamba anaandika ripoti vizuri kuliko wenzake wote. Rabia alikuwa anaitika, huku anasikiliza nyuma ya sauti yake.

"Nani anagonga hapo?"

"Hapa? Hakuna mtu, mama. Wenzangu wako wodini. Niko peke yangu."

"Mikono yako iko wapi?"

Zuhra akacheka kidogo. "Mmoja umeshika simu."

"Na mwingine?"

Rabia hakumsikia hata akipumua. Alichosikia ni kidole kimoja, kikigonga kitu kigumu polepole, ta, ta, ta.