Dole Gumba la Mzee

Jumamosi adhuhuri, soko la vitu vya mitumba halina adabu. Watu wanakanyagana, redio tatu zinapiga nyimbo tatu tofauti, na muuza soksi anaapa kwa sauti ya juu kwamba soksi zake zimevaliwa mara moja tu, tena na mtu msafi. Katikati ya vurugu hiyo alikuwepo fundi saa mmoja, kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi kwenye kifungo cha mwisho, ameinamia meza ya vikorokoro akitafuta saa mbovu za kufufua. Saa hakupata. Akapata boksi.

Lilikuwa boksi dogo lililokula miaka mingi kuliko yeye, pembe zake zimeshikizwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Juu yake kulikuwa na picha ya kifaru, kile cha vita, chenye minyororo na mzinga, kinavuka mto. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki vya kijani, vingi kama punje za mchele, vingali vimeshikana na fremu zake, havijawahi kuguswa. Fundi akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukatua juu ya boksi hilohilo.

"Samahani kaka, hili nimeliona mimi."

"Umeliona kwa macho, dada. Mimi nimelishika."

"Hata mwizi hushika."

Fundi akainua uso ajibu. Mwanamke aliyesimama mbele yake alivaa gauni la manjano lililomkaa kana kwamba lilishonwa akiwa ndani yake. Shingoni ulining'inia utepe wa kupimia nguo, ameusahau, na kwenye ukosi alichomeka pini mbili.

"Wewe ni fundi cherehani," fundi akasema.

"Na wewe ni mpelelezi."

"Cherehani na kifaru, wapi na wapi?"

Tabasamu likamtoka mwanamke yule taratibu. "Si changu. Ni cha baba yangu. Ujanani aliendesha kifaru kama hiki jeshini. Sasa moyo wake umechoka, na daktari ametuambia tusitegemee miezi mingi. Nataka apate kitu cha kufanya kwa mikono, asikae akiitazama dari."

"Mkishamaliza kuoana," mwenye meza akadakia, "mniambie nani ananilipa."

Fundi akaliachia boksi. "Chukua, dada. Lakini hivyo vipande ni vidogo kama vya saa. Mimi ninavyo vibano. Mkikwama, nipigie."

"Yaani hii ndiyo njia yako ya kuomba namba?"

"Naona imefaulu."

Simu ikalia jioni ileile, fundi akiwa bado hajavua viatu.

"Haloo, Kibano?"

"Ndio mimi, Sindano. Mmekwama?"

"Hatujafungua hata boksi. Nilitaka kujua kama namba ni ya kweli."

Hivyo ndivyo majina ya utani yalivyowaganda, Kibano na Sindano, na Jumapili iliyofuata fundi akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye cherehani dirishani na meza iliyotandikwa plastiki ya maua. Mzee alikuwa ameshakaa, fulana nyeupe, suruali ya kaki yenye mkunjo wa kukata kidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye vibano? Kaa. Mwanangu amesema unashika vitu vidogo. Tuone kama unashika na adabu."

Zikawa Jumapili tisa. Mikono ya mzee ilitetemeka, basi kazi ilikwenda mwendo wa kinyonga. Gurudumu lililotakiwa kusimama wima lilisimama upande. Gundi iliyotakiwa tone ikamwagika kijiko. Kila kosa mzee alilipatia kisa chake: hili gurudumu limeinama kwa sababu limekanyaga jiwe, hii gundi ni tope la mtoni, nyinyi hamkuwepo. Akimaliza hucheka, kicheko kinachoanzia puani kabla ya kufika mdomoni, na Sindano kule jikoni hucheka hata kama hakusikia kilichosemwa. Fundi aliyanyamazia magurudumu yale mabovu. Yalimuwasha vidole, lakini aliyanyamazia.

Na mapenzi je? Mapenzi yalikuwa ngazini. Kila Jumapili Sindano alimsindikiza hadi chini, na ghorofa tatu zile zilichukua saa nzima.

"Baba anakupenda kuliko anavyonipenda mimi."

"Na wewe je?"

"Mimi nakuvumilia."

"Nivumilie basi mpaka uzeeni."

"Acha maneno matamu, Kibano, utaniharibia meno," akasema, lakini mkono hakuuondoa kwenye mkono wake.

Jumapili ya tisa Sindano alikuwa jikoni akichemsha chai. Mzee alikuwa ameshika mnara wa kifaru, ule unaobeba mzinga. Gundi ya vitu hivi ina tabia yake: kwanza huilainisha plastiki, ndipo ishike. Mzee akapaka, mkono ukamtupa, dole gumba likatua juu ya mnara na kudidimia. Alipoliinua, alama ilibaki pale, kila mstari unaonekana.

Fundi akachukua kitambaa. Mzee akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo fundi hakujua kwamba bado anayo.

"Acha hapo, fundi. Usifute."

"Ikikauka tutaisugua kidogo, mzee. Haitaonekana."

"Nimesema acha. Siku mwanangu akinikosa, aweke kidole chake juu ya changu." Kisha akacheka, puani kwanza. "Na wewe, kama unataka kuposa, fanya haraka. Mimi si mtu wa kusubiriwa."

Sindano akaingia na sinia. "Mnanong'ona nini?"

"Mambo ya wanaume," mzee akasema. "Weka sukari."

Alhamisi mzee akafariki, hospitalini, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye.

Wiki tatu baada ya mazishi kifaru kilikuwa bado juu ya kabati, hakina minyororo wala rangi. Sindano alikuwa amekonda hadi magauni yake mwenyewe yakamkataa. Fundi alikuja kila siku. Alimchotea maji, alimfungia vifurushi vya wateja, alikaa naye bila kusema neno. Mwanamume anayempenda mtu aliyefiwa hutaka afanye kitu, chochote, na hapo ndipo shetani humpitia.

"Sindano wangu, nikakimalizie kifaru?"

Akafikiri kidogo. "Kifunge minyororo na ukipake rangi. Baba angependa kukiona kimekamilika."

Fundi akakibeba hadi kibandani kwake kama mtu aliyebeba yai. Minyororo ya mpira ilikuwa imekauka kwa uzee, akailainisha kwa maji ya moto. Akaifunga, lakini magurudumu yamepinda, haikai. Akayabandua, akayapanga upya kwa rula. Akakwangua gundi iliyomwagika. Wahenga walisema kuchamba kwingi, na mwisho wa methali hiyo mnaujua. Mkono wa fundi ukafika kwenye mnara, ukakutana na dole gumba.

Sasa mjue jambo moja. Huyu alifunzwa saa na mwalimu mkali, na ndani ya saa hakuna aibu kubwa kuliko alama ya kidole. Kila alipoacha moja, mwalimu alimchapa rula vifundoni na kumwita mchinjaji. Miaka kumi na miwili amefuta vidole vya watu, kuanzia na vyake. Akaitazama ile alama, akayakumbuka maneno ya mzee. Ndiyo, aliyakumbuka, nisimtetee. Lakini akajiambia: mzee yule alikuwa mtu wa utani, alikuwa anaificha haya ya mikono yake. Nani anataka kukumbukwa kwa kosa? Nimpe heshima yake. Akachukua msasa. Hakumaliza hata dakika.

Siku ya tatu akapanda ngazi, kifaru kimefungwa kwa kitambaa. Sindano akakifungua, akashika mdomo. Kilikuwa kizuri, haki ya Mungu. Rangi ya kijani iliyofifia, magurudumu yamenyooka, minyororo imekaa sawasawa. Kisha akapeleka kidole juu ya mnara. Akakipitisha mbele, akakirudisha nyuma. Akakipeleka kifaru dirishani penye mwanga.

"Kiko wapi?"

"Nini, mpenzi?"

"Kidole cha baba. Kilikuwa hapa. Kiko wapi?"

Fundi akaanza kukikunja kile kitambaa.

"Kila asubuhi tangu tumzike," Sindano akasema, kwa sauti ndogo, "kabla sijafungua cherehani, naweka kidole changu hapa. Namwambia, baba nimeamka. Sikumwambia mtu, ningeonekana nimechanganyikiwa. Siku tatu hizi nimejikaza nikijua kinarudi."

"Nilitaka kiwe kizuri."

"Nani alikuomba uzuri? Nilikwambia minyororo na rangi!" Sauti ikapanda, ikakatika. "Hata magurudumu! Jiwe la baba liko wapi? Tope lake liko wapi? Umemsugua baba yangu kwa msasa, umemmaliza. Toka. Toka, tafadhali, kabla sijakutamkia neno."

Akatoka. Akapiga simu siku hiyo, ikaita hadi ikajikatia. Akapiga kesho yake, na wiki nzima. Siku moja ikapokelewa.

"Sindano, nakuomba..."

"Usinipigie. Sikuchukii. Ila nikisikia sauti yako, nasikia msasa."

Miezi minne ikapita hivyo. Fundi alikula kwa sababu njaa ipo. Alimrudishia mteja saa ambayo mishale yake ilizunguka kinyumenyume, jambo ambalo halijawahi kumtokea, na hakuona hata cha kuchekesha. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, mguu wa Sindano uvuke kizingiti cha kibanda chake.

Ukavuka. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, barabara imejaa honi. Alivaa gauni la buluu alilolishona upya limtoshe, na akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Umekonda, Kibano."

"Na wewe umepona."

"Sijapona. Nimezoea." Akashusha pumzi. "Nimekuja kuomba radhi. Nilikufukuza kama mbwa. Lakini nimekaa nikafikiri. Ile siri ilikuwa yangu peke yangu, sikukwambia wewe wala mtu mwingine. Ungejuaje? Ulikiona kidole, ukadhani ni uchafu wa kazi. Usilolijua ni usiku wa giza. Basi nimesamehe. Na ngazi zile, kuzishuka peke yangu nimechoka. Kama bado unanitaka, funga kibanda twende nyumbani."

Haya, nyie mngefanyaje? Kila alichokiomba miezi minne kimekaa mbele yake kwenye kiti, kina macho, kinamngoja. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Akatazama mikono yake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Baba yako aliniambia. Ile siku ulipotukuta tunanong'ona. Nilitaka kufuta, akanishika mkono. Akasema, 'Acha hapo, fundi. Usifute. Siku mwanangu akinikosa, aweke kidole chake juu ya changu.'"

Nje gari likapiga honi, likapiga tena.

"Nilidhani anaona haya kwa kutetemeka," fundi akaendelea. "Nilidhani namsitiri. Nilijifanya najua kuliko mwenye maneno. Hiyo ndiyo kweli yote."

"Ungenyamaza," Sindano akasema polepole, "leo hii ningekuwa wako."

"Najua."

"Basi kwa nini umesema?"

"Maneno yale ni yako, si yangu. Alama yake nilishakunyang'anya. Nikikuficha na maneno yake, nitakuwa nimekuibia baba mara mbili."

Machozi yakamshuka Sindano, hakuyafuta. "Yaseme tena. Neno kwa neno."

Akayasema. Sindano akamwomba ayarudie mara ya tatu, midomo yake ikimfuatisha kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Alicheka baada ya kusema?"

"Alicheka."

"Puani kwanza?"

"Puani kwanza."

Akatabasamu, na tabasamu lile lilimuumiza fundi kuliko matusi. Kisha akasimama, akanyoosha gauni.

"Nilikuja kusamehe usilolijua. Hili ulilijua." Akamshika shavu, kiganja kina joto. "Nakupenda, Kibano, usije ukadhani sikupendi. Lakini nikiishi na wewe nitajiuliza kila siku: nikitangulia mimi, huyu atasugua nini?"

"Sindano..."

"Asante kwa maneno ya baba. Kaa salama."

Akatoka. Fundi akajiinamia juu ya meza, akalia, mlango wazi na watu wanapita. Mama mmoja aliyeleta saa ya ukutani akamkuta hivyo, akaweka saa yake chini.

"Fundi, kulikoni?"

"Nimempoteza mke, mama."

"Masikini, pole sana mwanangu. Amefariki lini?"

"Hajafa, mama. Yule pale, anavuka barabara."