Shati Lisilo na Mkunjo

Sikuli aligeuka kumsalimu mtu katikati ya soko la Birere, mjini Goma, na gitaa alilobeba mgongoni likafagia meza ya Donatille, mshona nguo. Vibonge vya uzi vikabingirika mpaka miguuni mwa wauza ndizi.

"Weye! Hauna macho mugongoni?"

"Ningekuwa nayo, dada, ningekuona tangu asubuhi."

Donatille alikuwa amejiandaa kukasirika, akacheka. Kijana alikuwa mrefu, mtu wa Butembo, viatu vyake vimechongoka na kung'aa utadhani vimepakwa mafuta ya kula. Aliokota uzi wote, kisha akaagiza mashati matano meupe kwa ajili ya bendi yake ya magitaa ya umeme. Padri Grégoire, Mzungu wa misheni, angewapiga sinema kwa kamera yake siku ya onyesho lao.

Kitambaa kilitosha mashati manne yenye mkunjo mpana mgongoni. La tano, la Sikuli, lilibaki bila mkunjo.

"Shemizi inanikaba, Dona," alilalamika siku ya kulijaribu shati.

"Simama sawasawa. Kitambaa kiliisha."

"Kiliisha kwangu tu?"

"Kwako tu, mwenye kuangusha uzi ya watu."

Kufikia hapo walishapendana, na Birere nzima ilijua. Hata Mzee Habarurema, baba yake Donatille, alijua, naye hakutaka hata kusikia habari za mkwe mpiga gitaa. Siku ya onyesho alimfungia binti yake nyumbani. Kesho yake Sikuli alikuja mbio mezani kwake.

"Nilikuwekea kiti mbele kabisa, mupenzi. Nikatia kofia yangu juu, hakuna mutu alikikalia. Wimbo yako niliimbia ile kiti."

"Muongo weye!" Donatille alicheka mpaka sindano ikamchoma.

Ilichukua miezi mitatu ya kumbembeleza mzee. Mwishowe akalegea: Jumamosi wajomba wa Sikuli walete pombe ya posa. Na Jumapili iliyotangulia, sinema ikarudi kutoka Ulaya ilikokwenda kusafishwa.

Iliangaliwa mchana, katika ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, shuka nyeupe imetundikwa ukutani. Mzee Habarurema naye alikuja, kofia magotini, kuona kazi ya mkwe wake. Donatille alivaa kitenge kipya cha njano, roho yake imetulia kabisa.

Picha haikuwa na sauti. Sikuli alionekana akiimba, macho nusu yamefungwa. Mara akaja mwanamke mwenye hereni kubwa, mkono kifuani, anatabasamu. Mara mwanamume wa shati jeupe, amewapa watu mgongo, amemkumbatia yule mwanamke wanacheza, shavu kwa shavu. Ukumbi ulilipuka kwa miluzi.

"Sikuli weee! Kumbe!"

Donatille alitaka kufumba macho, yakakataa.

Mzee alisimama. "Umeona? Jumamosi wasikuje."

Sikuli alipenya kati ya watu. "Ile si mimi! Papa, naapa, sikucheza na mutu!"

"Mashini imekuona."

Nani pale alikuwa amewahi kusikia sinema ikidanganya? Jirani husema uongo, mke mwenza husema uongo. Mashini ina ulimi gani?

"Dona, niamini."

"Nikuamini namna gani? Nimeona na macho yangu!" Donatille aligeukia mlango. Sikuli alibaki amesimama kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona.

Watu wakadai irudiwe, maana Goma sinema haikutazamwa mara moja tu, na padri akaiwasha upya. Mzee alikuwa amemshika binti mkono, wamefika mlangoni. Donatille akageuka mara moja ya mwisho, kujiumiza tu. Akauona ule mgongo.

Alijichomoa akakimbia mbele, kivuli chake kikapanda juu ya shuka nyeupe, akapitisha kidole katikati ya mgongo wa mchezaji.

"Papa, angalia! Shemizi ya huyu iko na mukunjo! Ya Sikuli haina! Miye ndiye nilishona!"

Watu wakasogea mbele kuangalia.

"Ni Paul!" Sikuli alipiga kelele. "Paul wa gitaa la pili, na bibi yake! Wote wako Bukavu sasa!"

Padri Grégoire alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Filamu ilikatika," alisema. "Nikaunganisha vipande kwa gundi. Niliona vinapendeza."

Mzee Habarurema aliketi pole pole kwenye benchi la nyuma. "Kumbe wanakata mutu hapa, wanamushona kule?"

Picha ilikuwa bado inaendelea, kuelekea mwisho ambao mara ya kwanza, kwa zogo lile, hakuna aliyeuangalia. Sikuli anaimba. Mbele yake watu wamejaa, wamebanana, wengine wamekaa chini. Na katikati yao kiti kimoja kitupu, kofia juu yake.

"Ile kiti ni ya nani?" mzee aliuliza.

Donatille alijaribu kusema, akaangua kilio.

"Ya mutoto yako, Papa," alisema Sikuli.

Mzee alikitazama kiti mpaka shuka ikabaki nyeupe. Akasafisha koo.

"Jumamosi wakuje. Na weye lete ile shemizi, akutilie mukunjo."

"Hapana, Papa," Donatille alisema, akijifuta machozi kwa kitenge kipya. "Ibakie vile vile."