Moyo wa Ng'ombe Kwenye Dohani ya Akina Lescure

KUH: TAARIFA YA AWALI YA MABADILIKO YA RANGI YA VIBAO VINNE VYA MADIRISHA, JENGO KUUKUU LA MAKAZI, KIJIJI CHA SAINT-AUBRIN.

Hilo ndilo jalada lililonipeleka kwa akina Lescure jua likizama, wiki ya mavuno. Mimi ni karani wa meya. Kanuni inataka vibao viwe vya kijivu. Wao walipaka buluu, na dola ya Ufaransa ikakosa usingizi. Kijiji kizima kilinuka zabibu zinazochachuka. Nyumba yao iliyokarabatiwa ilinuka nyama.

"Serikali imefika!" Thibault Lescure alinipokea akicheka, koleo mkononi. "Umekuja kupima madirisha au kuonja divai, Bwana Karani?"

"Madirisha kwanza. Divai haina fomu."

Mkewe, Maud, hakucheka. Alinivuta mkono, akanong'ona, "Mwambie aache. Mimi hanisikii."

Mezani palikuwa na moyo wa ng'ombe, mkavu, mweusi kama soli ya kiatu. Waliukuta ndani ya dohani, umejaa misumari. Firmin, fundi mwashi, alipouona aliacha mwiko wake kwenye chokaa mbichi, akaenda zake. Sisi wa Berry, mkoa huu, tunajua: zamani, mifugo ikifa ovyo, mwenye zizi alipigilia moyo namna hiyo akauficha dohani, ili mchawi achomwe kifuani popote alipo. Msumari wake haung'olewi. Thibault, mtu wa Paris, alikuwa anaing'oa misumari yote ili auweke moyo sebuleni, ndani ya kisanduku cha kioo.

"Umebaki mmoja," alisema.

"Uache huo, Bwana Lescure."

"Kwani nao unataka kibali?"

Akavuta.

Moyo ule mkavu ukapiga. Mara moja tu.

Kisha juu, ndani ya dohani... kitu kikakwaruza. Kikashuka. Masizi yakamwagika, na mkono mrefu, mweupe, usio na kucha, ukatoka mekoni ukamkamata Thibault shingo. Ukambamiza uso kwenye jiwe la meko. Meno yakaruka. Ukambamiza tena. Nilimshika kiuno nikavuta, nikasikia bega lake likiteguka.

"Nyundo, Maud! Rudisha misumari!"

Akapigilia wa kwanza. Ule mkono ukalegea kidogo. Thibault akapiga yowe, akajishika kifua. Shati lilikuwa na tundu, na tundu lilitoa damu.

Wa pili.

Tundu la pili.

Maud akasita. Papo hapo bega jeupe likachomoza mekoni, kisha kichwa kisicho na macho, kikimnusa.

"Acha..." Thibault alisema, mdomo umejaa damu. "Acha, mpenzi."

"Nikiacha kinatoka."

"Maud!" Thibault alilia.

Maud alininyooshea kiganja bila kunitazama.

Polisi waliandika kwamba dohani iliporomoka. Daktari akatia saini. Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya jambo jingine. Firmin aliniambia tu kwamba anayeng'oa misumari anarithi maumivu ya aliyepigiliwa. Nilipouliza basi yule wa dohani alikuwa nani, alifunga mlango.

Dohani haikuporomoka. Maud Lescure alimuua mumewe kwa kupigilia misumari tisa kwenye moyo wa ng'ombe, na mimi nilikuwa nikimpa mmoja mmoja.