Chupa Isiyo na Sakitu

Rubani Ambrose Koe alikutwa amekaa kitini, mkanda umefungwa, mikono yote miwili ingali juu ya usukani. Ndege yake ndogo nyekundu ilikuwa imechomeka pua katika misonobari ya ukingoni mwa Ziwa la Samaki Weupe, kilomita thelathini na tano kutoka kijiji cha Chanjik. Baridi ilikuwa nyuzi arobaini na sita chini ya sifuri. Chini ya kiti cha marehemu ilisimama chupa ya wiski, nusu yake imekwisha.

Inspekta Winifred Alexie alishuka kwenye pikipiki ya theluji na kuizunguka ndege mara mbili.

"Kesi imekwisha, Inspekta," alisema Konstebo Marchand, kijana aliyehamishiwa kaskazini mwezi wa Novemba. "Mzee alikunywa, akaanguka. Hata harufu ipo."

"Umeinusa?"

"Nimeinusa."

"Una bahati. Pua yangu iliganda njiani, na mimi nimezaliwa huku."

Inspekta aliingiza kichwa ndani ya ndege. Shoka, viatu vya theluji, chupa ya chai na mfuko wa barua vilikuwa vimerushwa mbele vyote kwa kishindo, vikalundikana miguuni mwa marehemu. Na vyote vilifunikwa na sakitu, mvuke ulioganda ukawa mweupe, laini kama unga uliochekechwa.

"Marchand, shoka la kilo mbili limeruka mpaka kwenye kioo. Chupa ya wiski imebaki wima kama mgeni rasmi?"

Konstebo alikohoa.

"Na sakitu yake iko wapi?"

"Sakitu gani?"

"Ndege ilipoanguka, humu ndani mlikuwa na joto, na chai ilimwagika. Mvuke ule uliganda juu ya kila kitu kilichokuwamo. Chupa hii inang'aa. Haikuwamo. Mtu aliileta baadaye."

Marchand alitoa daftari lake, akafuta mstari mmoja.

Tumbo la ndege, tangu injini hadi mkiani, lilikuwa jeusi kwa oili iliyoganda. Walipofungua kifuniko cha injini, waliona sili ya mbele, ile inayoizuia oili nyuma ya rafadha, panga la mbele la ndege, imesukumwa nje ya mahali pake. Nyuma ya injini, pale ambapo bomba nene kama kidole gumba lilipaswa kushuka, palikuwa na vibanio viwili vilivyolegezwa, vyenye mikwaruzo mipya ya spana. Bomba halikuwapo.

"Nani alifika hapa kwanza?"

"Mzee Silas na Clifford Firth, jana mchana. Binti wa marehemu aliiona ndege kutoka angani akawaelekeza kwa redio."

Inspekta aliifunga chupa katika mfuko wa ushahidi kwa uangalifu, kama mtu anayebeba jina la mwenzake.

Na kwa kweli ndilo alilokuwa amebeba. Watu wa Chanjik walikuwa wamepiga kura wenyewe kuikataza pombe kijijini mwao. Wenyewe pia walikuwa wameanzisha shirika lao la ndege, lenye ndege mbili tu, na kwa miaka thelathini na minne Ambrose alikuwa amesafirisha wagonjwa wao, waalimu wao na masanduku yao ya kura bila kumpoteza mtu. Mamlaka ya usafiri wa anga ilikuwa imekwisha kutoa onyo: ikithibitika kwamba rubani alilewa, shirika litafutiwa kibali, na Chanjik itarudi kuyangoja mashirika ya kusini, yanayokuja yakitaka.

Loretta Koe, binti wa marehemu na rubani wa pili wa kijiji, alimpokea Inspekta katika banda la ndege. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mgongo ulikuwa umenyooka.

"Andika unachokiona, dada," alisema. "Sikuombi huruma. Ila baba hakunywa. Hata dawa ya kikohozi alikuwa anasoma kikaratasi chake mara mbili."

"Nani aliikagua ndege?"

"Clifford, binamu yangu. Ndiye fundi wa kwanza wa hapa mwenye cheti. Alimaliza ukaguzi asubuhi ile ile."

"Na baba yako alifungua kifuniko cha injini kabla ya kuruka?"

Loretta aliigeukia ndege ya pili.

"Kila siku anafungua. Siku ile hakufungua. Watu walijaa hapa, wanampigia Clifford makofi, maana ndiyo ilikuwa saini yake ya kwanza ya kuruhusu ndege iruke. Nikamuuliza baba, mbona hufungui? Akaninong'oneza, 'Nikague kazi ya mpwa wangu mbele ya watu? Unataka nimvue nguo?'"

Inspekta alilielewa jibu lile bila kuelezwa. Mjomba wake mwenyewe angefanya vivyo hivyo.

Mzee Silas alikuwa na miaka sabini na minane. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa ndege za Chanjik bila cheti chochote, mpaka Clifford aliporudi na chake. Alimkaribisha Inspekta kwa chai na nyama kavu ya kulungu wa kaskazini, kisha akamtazama Marchand.

"Huyu naye anakula, au analinda mlango?"

"Anakula, babu," alisema Inspekta. "Ulikasirika Clifford alipopewa kazi yako?"

"Nilikasirika sana. Siku mbili sikusema na mtu. Mke wangu anasema ndizo siku nzuri kuliko zote za ndoa yetu."

"Mlipoifikia ndege, ulikaa na Clifford muda wote?"

"Hapana. Redio haishiki pale bondeni. Nilipanda kilimani kuita. Nusu saa, labda zaidi. Magoti haya si ya kupandia."

"Clifford alibaki peke yake?"

"Na maiti ya mjomba wake. Ndiyo."

"Bomba la kupumulia la injini halipo, babu. Limefunguliwa kwa spana."

Kikombe cha mzee kilisimama katikati ya safari yake.

"Na oili imetokea wapi?"

"Mbele. Sili imesukumwa nje."

Mzee Silas alikiweka kikombe mezani taratibu. "Mwanangu, injini inapumua kama mimi na wewe. Pumzi yake ina maji. Kwenye baridi hii, mdomo wa bomba unaziba barafu. Pumzi ikikosa pa kutokea inaisukuma sili, oili inamwagika yote, injini inakufa. Ndiyo maana tunatoboa tundu juu kwenye bomba, pale ndani penye joto. Mdomo ukiziba, injini inapumulia tunduni. Nimeyatoboa matundu hayo tangu wewe hujazaliwa."

"Clifford ulimweleza?"

"Kumweleza?" Mzee alishangaa kweli kweli. "Hapa hatuelezi. Mtoto anasimama kando, anaiangalia mikono. Ambrose aliangalia. Loretta aliangalia. Na Clifford..."

Alitazama dirishani.

"Clifford alikuwa shuleni kusini," alisema hatimaye. "Tangu ana miaka kumi na miwili. Hakuwapo kuangalia."

Siku iliyofuata, saa nane mchana, daktari wa mjini aliyepelekewa maiti alipiga simu. Damu ya marehemu haikuwa na hata tone la pombe. Saa tisa, Konstebo Marchand, aliyepewa kazi ya kupekua pipa la vyuma chakavu katika banda la ndege, alipiga kelele kama mtu aliyenasa samaki.

"Inspekta! Bomba! Lina tundu!"

Bomba lilikuwa kuukuu. Lilikuwa na tundu moja la duara, safi, lililotobolewa kwa keekee. Shingoni lilifungwa kikaratasi chenye tarehe na maneno machache ya kalamu: *Limetoboka. Lisitumike tena.*

"Kazi nzuri, Konstebo," alisema Inspekta, na Marchand akasimama wima kupita siku zote.

Clifford Firth aliingia katika chumba cha polisi akiinamisha kichwa ili asigonge mlango. Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na sita, mwenye mikono safi mno kwa fundi.

"Katika ndege ya Ambrose ulibadilisha nini?"

"Vichujio. Plagi. Waya mmoja."

"Na bomba la kupumulia?"

"Sikumbuki."

"Siku tano tu zimepita."

"Nilikuwa na kazi nyingi."

Inspekta aliliweka bomba mezani. "Mwandiko huu ni wa nani?"

Clifford alikigeuza kikaratasi kwa kidole. Nje mbwa walibweka, wakanyamaza.

"Wangu."

"Ulifunga bomba jipya lisilo na tundu."

"Kitabu cha injini hakionyeshi tundu lolote. Nilidhani ni ubovu. Nilidhani wazee walikuwa wanarukia bomba bovu kwa kukosa jipya."

"Ulijua lini kwamba si ubovu?"

"Loretta aliposema kwenye redio kwamba tumbo la ndege ni jeusi." Alilisukuma bomba kando. "Alipotua na ndege ya pili, kabla sijaondoka na babu Silas, nikafungua kifuniko chake. Nikaona tundu lile lile, mahali pale pale."

"Bomba jipya liko wapi?"

"Ziwani, chini ya theluji, hatua thelathini kutoka kwenye mkia. Nitakuonyesha."

"Na chupa?"

"Yangu. Wenzangu wa chuo walinipa siku ya mahafali. Nilikuwa sijaifungua. Nilimwaga nusu kwenye theluji, na kidogo kwenye kola ya koti lake."

Marchand aliacha kuandika. Inspekta alimpa ishara aendelee.

"Ulipoliona tundu mara ya kwanza, kwa nini hukuuliza?"

"Nimuulize nani, shangazi?" Alikuwa amesahau kumwita Inspekta. "Siku niliporudi na cheti, kijiji chote kilitoka mpaka uwanjani. Bibi zangu walinishonea viatu vya ngozi vyenye shanga. Mjomba Ambrose alinishika mkono, akasema kwa sauti wote wasikie, 'Sasa hatuombi saini kusini.' Halafu niende kwa babu Silas, niliyemwondoa kazini, nimuulize tundu ni la nini? Mimi, mwenye cheti?"

"Sikiliza, Clifford. Bomba lilikuwa kosa la kazi. Kwa bomba peke yake nisingekufunga pingu. Lakini ulificha ushahidi, na ukampaka pombe maiti asiyeweza kujitetea. Nataka uniambie kwa nini."

Kijana alifunika uso kwa mikono yake, kisha akaishusha. Alipotaka kusema, aliinua kichwa.

"Kwa sababu mimi ni fundi wao wa kwanza mwenye cheti. Niliona ni heri waaibike kwa sababu ya mlevi aliyekufa kuliko kwa sababu yangu niliye hai. Mjomba alinionea fahari hata asikague kazi yangu. Mimi nikailinda fahari hiyo kwa kumnyang'anya ya kwake."

Marchand aligeuza ukurasa wa daftari.

"Andika yote, Konstebo," alisema Inspekta. "Neno kwa neno."

"Naomba kitu kimoja," alisema Clifford. "Nisiondoke kabla sijawaambia wenyewe."

Aliwaambia asubuhi iliyofuata, katika ukumbi wa kijiji, amesimama kati ya maofisa wawili. Hakujitetea. Alitaja bomba, akataja chupa, akasema, "Mjomba alikuwa mzima, hajanywa. Mimi ndiye niliyemtendea haya." Wanawake wawili walitoka nje. Kisha Mzee Silas aliinuka kwa kushika kiti cha mbele yake.

"Niandike na mimi, Inspekta."

"Kwa kosa gani, babu?"

"Niliiona saini yake, nikajua hajawahi kuangalia mikono yangu, nikanyamaza. Nilingoja aje aniombe. Nilikuwa nimenuna." Alimgeukia Clifford. "Kosa langu halikupunguzii lako. Lako ni lako."

"Nimesikia, babu," alisema Clifford.

Inspekta alituma taarifa yake siku hiyo hiyo. Aliandika kwamba marehemu hakuwa amekunywa. Kwamba injini ilipozimika aliigeuza ndege kuelekea ziwani, mahali pekee pa kutua, na alikaribia kufaulu. Kwamba kosa lilikuwa la matengenezo, na njia ya kulizuia ilikuwa ikijulikana Chanjik kwa miaka arobaini. Mamlaka ilijibu kabla ya siku ya tatu. Kibali kilibaki. Fundi kutoka kusini angekuja kuweka saini kwa muda, na aliamriwa asiguse bomba lolote kabla ya kuzungumza na Mzee Silas.

Siku ya tatu Loretta alipaswa kuwapeleka maofisa na mtuhumiwa mjini, mahakamani, kwa ndege ya pili. Watu walikusanyika uwanjani, kando ya mto ulioganda, bila kuitwa.

Loretta alizunguka ndege, akazivuta mbao za kutelezea barafuni, akapangusa mbawa. Kisha alisimama mbele ya injini, mbele ya wote, akafungua kifuniko.

"Inspekta, mfungue pingu kidogo."

Inspekta alifungua.

"Clifford, njoo. Hiki ni nini?"

"Kichujio cha mafuta."

"Kazi yake?"

Clifford alieleza. Loretta aligusa, akatikisa, akasogea mbele. Hiki je? Na hiki? Kijana alijibu kila swali, mvuke wa pumzi yake ukipanda katika hewa nyeupe.

"Sema kwa sauti," alinguruma Mzee Silas, akijisogeza. "Wa nyuma hawasikii. Na hapo kwenye waya umekosea. Loretta, mwonyeshe. Hapana, mwambie. Kwa mdomo."

Loretta alimwambia. Clifford alirudia mpaka mzee akatikisa kichwa kukubali. Ukaguzi ulichukua karibu saa nzima, katika baridi inayopasua midomo, na hakuna mtu aliyegeuza uso wala kuondoka. Ulipokwisha, Loretta alifunga kifuniko, akajifuta mikono kwenye suruali, akawatazama watu wake.

"Nimemkagua ndugu yangu mbele yenu wote," alisema. "Nani amevuliwa nguo?"

"Mimi," alijibu Mzee Silas, "kwa baridi. Rusheni ndege, tukanywe chai."

Kicheko kilipita uwanjani, cha kwanza tangu msiba. Inspekta alimfunga Clifford pingu tena, akamsaidia kupanda. Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Loretta Koe, sasa rubani mkuu wa Chanjik, aliinyoosha ndege juu ya barafu ya mto, akaiinua juu ya misonobari, na watu wake wakasimama palepale, vichwa juu, mpaka sauti ya injini ikaisha kabisa.