Chati ya Kumuaga Mpishi

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, wanafunzi wa darasa la saba walifagia darasa lao, wakafuta ubao na kunyoosha madawati. Kazi hiyo haikuwahi kuisha bila ugomvi, na ugomvi huo haukuwahi kumkosa msichana mmoja waliyempa jina la Rula. Walimwita hivyo kwa sababu hakuachana na rula yake ya mbao, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amenyooka vivyo hivyo. Dawati likikaa upande, aliliona. Mtu akichelewa kidogo, alimwona. Na Rula akiona jambo, hanyamazi.

"Wewe unafagia au unalibembeleza vumbi?" alimwambia mvulana mmoja asubuhi hiyo. "Lete ufagio, nenda kakae."

Mvulana akampa ufagio, akaenda kukaa, tena kwa furaha. Ndivyo Rula alivyojikuta kila siku akifagia peke yake, uso umemkunjamana, akijiuliza kwa nini watu wote ni wavivu isipokuwa yeye.

Wiki hiyo hasira zake zilikuwa zimezidi kipimo. Mpishi wa shule, ambaye watoto wote walimwita Mama Mwiko, alikuwa anastaafu. Kwa wengine alikuwa mpishi tu. Kwa Rula alikuwa shangazi, dada wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga. Ijumaa saa sita mchana lori lingekuja kumchukua yeye na vyombo vyake, limpeleke kwa binti yake anayeishi mbali sana. Akishaondoka, hakuna aliyejua atarudi lini. Kwa hiyo shule ikaamua kumuaga Ijumaa hiyo hiyo asubuhi, na darasa la saba likapewa kazi ya kuandaa sherehe. Rula akaomba awe msimamizi.

"Sitaki shangazi yangu aagwe ovyo ovyo, mwalimu," alimwambia mwalimu wa hisabati.

"Basi tusipange kwa mdomo, tupange kwa chati," mwalimu akajibu.

Akatandika karatasi kubwa ya manila mezani, akamwonyesha. Kushoto unaandika kazi zote, moja chini ya nyingine: kukopa viti, kupamba uwanja, nyimbo, hotuba, kupika. Juu unaandika siku na saa. Kisha kwa kila kazi unachora mstari mnene wa rangi, kuanzia pale kazi inapoanza mpaka inapoisha. Kulia unaandika nani anaifanya. Kazi isiyoweza kuanza mpaka nyingine imalizike, unaiunganisha na mwenzake kwa mshale.

"Ukimaliza," mwalimu akasema, "chukua rula yako, isimamishe wima, ipitishe polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiona jina moja limeguswa mara mbili kwa wakati mmoja, ujue umekosea. Mtu hawezi kuwa mahali pawili."

Rula aliipenda chati hiyo kupita kiasi. Alichora mistari yake kwa kalamu za rangi, imenyooka hata inapendeza. Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa wa kukimbia, alimwita jirani yake wa dawati aandike majina. Huyo alikuwa msichana mpole aliyeitwa Kimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani.

"Kwenye mstari wa kiti cha mbele andika 'Mgeni wa heshima'," Rula akamsomea. "Kwenye kupika andika 'Mpishi'."

Kalamu ya Kimya ikasimama. "Rula, ngoja kwanza. Huyu mpishi..."

"Huyu mpishi ana nini? Shule hii ina wapishi wangapi?"

"Mmoja. Ndiyo maana nauliza, kwa sababu siku hiyo..."

"Kimya, nina mistari chungu nzima haijachorwa, nawe unaniletea maswali ya jikoni. Kazi yako ni kuandika. Andika ulivyoambiwa."

Kimya akaandika. Hakuitwa Kimya bure.

Rula akasimamisha rula yake wima, akaipitisha. Hakuna jina lililotokea mara mbili. Mpishi alikuwa jikoni, mgeni wa heshima alikuwa kitini, kila mtu mahali pake. Akampelekea mwalimu wa hisabati, akamkuta amezama kwenye rundo la madaftari ya kusahihisha.

"Umepitisha rula?" mwalimu aliuliza bila kuinua macho.

"Nimepitisha, mwalimu."

"Vizuri. Kaibandike."

Chati ikabandikwa kwenye ukuta wa korido, karibu na jiko, kila mtu aione. Tangu hapo Rula akawa na jibu moja kwa kila swali. Mvulana wa kwaya alimwomba wabadilishe siku ya mazoezi kwa sababu wenzake wana mechi. "Soma chati." Waliotumwa kukopa viti waliuliza wavipitishe lango gani. "Soma chati." Lango lenyewe halikuandikwa kwenye chati, lakini nani angethubutu kumwambia? Ukimgusa tu, anawaka kama moto wa mabua.

Siku moja kabla ya sherehe, asubuhi, shangazi yake alikuja nyumbani kwao kunywa chai kabla ya kwenda kazini. Rula alikuwa anafunga viatu.

"Mwanangu," shangazi akasema, "nimeiona ile karatasi yako pale ukutani. Kuna neno nataka kukuuliza."

"Kama ni mambo ya kesho, shangazi, kila kitu kipo kwenye chati. We isome tu."

"Nimeisoma."

"Basi si umeona," Rula akasema, akabeba mkoba, akatoka. Nyuma yake alisikia kikombe kikitua mezani kwa kishindo. Hakurudi kuuliza kuna nini.

Ijumaa ikafika, na ajabu ni kwamba mambo yalikwenda sawa. Viti vilipangwa safu kwa safu. Kwaya ilisimama mahali pake. Wazazi wakafika, walimu wakakaa. Mbele ya wote kiliwekwa kiti kikubwa cha mwalimu mkuu, kimetandikwa kitambaa cheupe na maua pembeni. Kilikuwa kitupu.

Wakangoja. Kwaya ikaimba wimbo wa kwanza, ikaurudia. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnene ambaye akikohoa tu shule nzima inakaa vizuri, akatazama saa yake, kisha akamtazama Rula. Rula akahisi masikio yanamwaka. Hata shangazi? Mtu mwenyewe anayeagwa naye achelewe? Akatoka mbio kwenda kumtafuta, akiwa ameyapanga kabisa maneno atakayomwambia.

Alimkuta jikoni. Shangazi alikuwa amevaa aproni yake ya zamani, jasho linamtiririka, moshi umemjaa usoni, anakoroga maharage kwenye sufuria kubwa. Sufuria ya pili, ya wali, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuchemka.

"Shangazi, unafanya nini huku? Shule nzima inakusubiri wewe."

"Napika."

"Unapika? Leo?"

"Chati inasema mpishi yuko jikoni mpaka saa sita. Mpishi wa shule hii ni nani, kama si mimi? Au mmeajiri mwingine na mimi sijaambiwa?"

"Lakini wewe ndiye mgeni wa heshima."

"Basi nikate vipande viwili. Kimoja kikakae kwenye kiti chenu cha maua, kingine kibaki hapa kikoroge maharage."

Mara moja Rula akaiona chati yake yote kichwani: mpishi mstari wa chini, mgeni wa heshima mstari wa juu, majina mawili, mtu mmoja. Rula yake ilipita juu ya shangazi yake mara mbili, na yeye hakumwona.

"Ungeniambia, shangazi," akasema kwa sauti ndogo.

Shangazi akautupa mwiko juu ya mfuniko. "Sikukuambia? Jana sikufungua mdomo mbele yako? Sikiliza, nakwambia wazi: nimekasirika, tena sana. Wakiagwa walimu, napika. Wakija wageni, napika. Miaka yote nimekula sherehe za watu nikiwa nimesimama, sahani mkononi. Nikasema, potelea mbali, siku yangu itakuja, nami nitakaa. Kumbe hata siku yangu nimepangiwa zamu. Na aliyenipangia ni mtoto niliyembeba mgongoni."

"Ungeacha tu, usije jikoni."

"Niache watoto wa watu washinde na njaa? Wao wamenikosea nini?"

Kabla Rula hajajibu, mwalimu mkuu akaingia, nyuma yake mwalimu wa hisabati na Kimya. Mwalimu mkuu alikuwa ameibandua chati ukutani na ameikamata mkononi.

"Nani aliyempanga mama huyu kupika siku ya kuagwa kwake?" aliuliza. "Wazazi wako pale nje wanakitazama kiti kitupu. Aibu gani hii? Huu mwandiko ni wa nani?"

Hakuna asiyeujua mwandiko ule. Macho yote yakamgeukia Kimya, naye akatazama chini.

Mwandiko ulikuwa wa Kimya kweli. Rula hakuhitaji kusema uongo hata chembe, alihitaji kutulia tu, mambo yapite. Tena moyoni alimkasirikia Kimya: kwa nini hakupiga kelele siku ile? Lakini hasira hiyo haikupata mahali pa kukaa, kwa sababu alijua fika nani alimkatiza nani.

"Mkono ni wake, maneno ni yangu," akasema. "Kimya aliliona kosa, mwalimu. Alitaka kuniambia, nikamwambia kazi yake ni kuandika. Na shangazi alitaka kuniambia, nikamwambia asome chati."

"Na mimi niliipitisha bila kuisoma," mwalimu wa hisabati akaongeza, naye uso umemshuka.

Mwalimu mkuu akawatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alijikunyata. "Nitaongea nanyi baadaye, nyote wawili," alisema. "Sasa tunafanyaje? Lori linakuja saa sita."

Rula akafungua mdomo kutoa amri, kama ilivyo desturi yake. Kisha akamgeukia jirani yake wa dawati.

"Kimya, siku ile ulitaka kusema nini?"

Kimya akainua macho. "Nilitaka kusema tungepika sisi. Maharage yameshaiva, yaepuliwe. Wali umaliziwe na watu wa darasa letu. Nyimbo zibaki, ila hotuba zipunguzwe." Akamtazama mwalimu mkuu. "Ya mwalimu mkuu kwanza."

"Yangu?"

"Ndiyo ndefu kuliko zote, mwalimu."

Shangazi akaangua kicheko, akacheka mpaka akajishika kiuno, na mwalimu mkuu mwenyewe akashindwa kuzuia tabasamu.

"Haya, ikatwe," akasema. "Nani anabaki na wali?"

"Mimi," Rula akasema.

Shangazi akavua aproni, akamvalisha, akanawa uso, akaenda zake. Rula akabaki na wavulana wawili, mmoja akichochea kuni, mwingine akiteka maji. Kutoka jikoni uwanja hauonekani. Alisikia kwaya ikianza, akasikia makofi, akasikia watu wakicheka jambo ambalo shangazi alisema, asijue ni jambo gani. Sherehe aliyoipanga wiki nzima ilipita nje ya dirisha, naye anageuza wali. Alijikasirikia mpaka machozi yakamtoka, na aliyemuuliza alimjibu kuwa ni moshi.

Wageni walipoanza kula, alipakua sahani moja, akaibeba mwenyewe kwa mikono miwili hadi kwenye kiti chenye maua. Akapiga goti, akampa shangazi yake. Shangazi akaonja.

"Wali mbichi," akasema. Akaendelea kula, akaumaliza wote, amekaa.

Lori lilipokuja, Rula alimsindikiza hadi langoni, amembebea kikapu.

"Chati yako ilikuwa nzuri, mwanangu, usiichukie," shangazi akamwambia. "Nimepika kwa kubahatisha miaka mingi, najua faida ya mpango. Lakini mpango ni wa watu, na watu ndio wanaojua palipoharibika. Wewe unakuwa mkali kila saa, mtu akija kukuonyesha shimo anaogopa, anakuacha utumbukie. Kimya aliliona shimo. Nami niliona. Hasira zako ndizo zilizotufunga midomo."

"Nisamehe, shangazi. Bado umenikasirikia?"

"Bado. Lakini safari ni ndefu, hasira zangu nitazimaliza njiani." Akapanda lori, akakaa karibu na dereva, akatoa kichwa dirishani. "Kuna jambo jingine."

Rula alikuwa na mengi ya kusema na lori lilikwisha kuwaka. Akafunga mdomo, akasogea karibu, akamwacha amalize.